Wanafanana kama pacha, lakini mmoja ndiye anayekuletea kala-azar

MWAKA jana rafiki yangu mmoja, tuliyekuwa tukigawana kodi ya bedsita hapa Nairobi, alienda kwao Pokot Magharibi kwa wiki tatu. Kila jioni alikuwa ananipigia simu mwendo wa saa moja, na kila jioni nikimuuliza yuko wapi jibu ni lile lile: juu ya kichuguu. Si kwamba anapenda mchwa. Kwao mtandao unashika hapo tu, kwa hivyo giza likianza kuingia vijana wa kijiji wanapanda pale, kila mtu na simu yake.

Aliporudi mjini alikuwa sawa kabisa. Miezi mitatu baadaye homa ikaanza. Zahanati ya kwanza ikasema ni malaria. Ya pili ikasema taifodi, akatoka na vidonge vya kujaza mfuko. Homa ikawa inashuka inapanda, jamaa anakonda hadi suruali inamvuka, lakini tumbo nalo linazidi kutokeza upande wa kushoto. Wiki ya sita ndipo daktari mmoja kijana alipomuuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza: "Kwenu ni wapi, na ulienda lini mara ya mwisho?"

Alikuwa na kala-azar.

Kama hujawahi kuisikia, usijilaumu. Huku mjini tunajua malaria, taifodi na UTI, basi. Kala-azar husababishwa na kimelea kidogo sana kinachoitwa Leishmania, kinachoingia mwilini kupitia kuumwa na usubi, yule ambaye wengine humwita nzi wa mchanga. Kimelea kikishaingia kinajificha ndani ya seli zile zile za damu zilizopaswa kukiua, kinaenda kukaa kwenye wengu, ini na uboho. Wengu unafura, damu inapungua, kinga inaporomoka. Usipotibiwa, zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hufa. Soma hiyo namba tena.

Matibabu aliyopewa ni ya siku 17, sindano za dawa mbili kila siku. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinitarajie nikuhubirie kwa lugha ya maabara. Lakini ukikaa kando ya kitanda cha mtu siku 17, ukiona anavyokunja uso kila sista akitokea na trei, lazima uanze kusoma. Nilitaka kumjua huyo mdudu. Nikafikiri nitasoma jioni moja nimalize.

Kumbe hakuna mdudu mmoja anayeitwa usubi. Wako zaidi ya spishi 1,000 duniani, na wanaojulikana au kushukiwa kueneza ugonjwa kwa binadamu hawafiki hata 100. Wengine wote wanajifanyia mambo yao tu. Shida ni kwamba kwa macho yako na yangu wote ni wale wale: kadudu ka milimita mbili au tatu, rangi ya mchanga, kenye manyoya, kanakotua kakiwa kameinua mabawa kama herufi V. Hakapigi kelele kama mbu. Unashtukia tu umeumwa, na ni majike pekee wanaouma kwa sababu wanahitaji damu ya kutengeneza mayai.

Tuanzie Baringo, kwa sababu ndipo mambo haya yanaonekana vizuri zaidi. Ukisimama karibu na Marigat jioni, ndani ya eneo moja tu unaweza kuwa na usubi wawili tofauti. Wa kwanza, Phlebotomus martini, anapenda vichuguu. Anajificha mchana ndani ya matundu ya kichuguu ambamo kuna unyevu na hakuna jua, jioni anatoka. Huyu ndiye anayebeba kimelea cha kala-azar, na watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kenya walishamtaja kuwa mshukiwa mkuu tangu 1962. Wa pili, Phlebotomus duboscqi, anakaa kwenye mashimo ya panya na wanyama wengine. Huyu anabeba aina nyingine ya Leishmania, inayoleta vidonda vya ngozi ambavyo vinaudhi na kuacha makovu, lakini haviendi kwenye wengu wako.

Kaunti moja, jioni moja. Mmoja anakuachia kovu, mwingine anaweza kukuzika.

Na si Baringo tu. Kwenye mapango ya Gilgil kuna Phlebotomus guggisbergi, naye ana kimelea chake cha ngozi. Mlima Elgon kuna Phlebotomus pedifer, anayeishi mapangoni na kuchukua kimelea cha aina nyingine tena kutoka kwa pimbi, wale wanyama wadogo wa kwenye majabali. Wewe unayependa kwenda kupiga kambi na kujipiga picha kwenye mapango wikendi, hii aya ni yako.

Lakini kwa nini kila mmoja ana kimelea chake? Mbona duboscqi asibebe kala-azar, ilhali anaishi hatua chache tu kutoka kwa martini? Hapa ndipo jeni zinapoingia, na hapa ndipo mimi niliacha kulala.

Usubi akinyonya damu yenye vimelea, damu ile inaingia tumboni na kuanza kusagwa. Baada ya siku chache mabaki yanatoka kama choo. Kimelea kisiposhika mahali, kinatoka nayo, mchezo umeisha. Kwa hivyo kinahitaji kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Wanasayansi waliochunguza Phlebotomus papatasi, jamaa wa karibu wa duboscqi, waligundua mwaka 2004 kwamba utumbo wake una protini inayofanya kazi kama kufuli. Kimelea kile cha vidonda, Leishmania major, kimejipaka sukari ya umbo linaloingia kwenye kufuli hiyo. Aina nyingine hazina ufunguo huo, zinasombwa na uchafu. Na protini ni nini? Ni kitu kinachoandikwa na jeni. Badilisha maandishi kidogo, kufuli inabadilika, na ugonjwa unaoweza kuenezwa na mdudu huyo unabadilika.

Kuna usubi wengine, hasa huko India na Amerika Kusini, ambao hawana uchaguzi hivyo. Utumbo wao unaweza kupokea aina kadhaa. Hao ndio wa kuogopwa zaidi.

Sasa ngoja nikuonyeshe mahali pagumu. Nimekutajia Phlebotomus martini kana kwamba ukimwona utamjua. Huwezi. Hata mtaalamu mwenye hadubini anapata taabu. Hapa Kenya martini ana ndugu wawili, celiae na vansomerenae, na majike wa hao watatu ni vigumu mno kuwatenganisha kwa umbo. Wataalamu wanapenda kuangalia madume, maana sehemu za siri za madume zinatofautiana. Lakini kumbuka nilichosema: dume haumi. Anayeuma, anayebeba kimelea, ndiye yule asiyetambulika. Ni kama polisi wanaomtafuta mshukiwa huku wana picha ya kaka yake tu.

Kwa hivyo siku hizi wanatumia DNA. Wanatega mitego ya taa usiku, asubuhi wanakusanya wadudu, wanachukua mguu au kipande cha mwili, halafu wanasoma sehemu fupi ya jeni moja yenye herufi zipatazo 650. Kila spishi ina mpangilio wake, kama alama zile za bei kwenye bidhaa za supamaketi. Kazi za aina hii zinafanyika hapa hapa nchini. KEMRI pale Mbagathi wamekuwa wakichunguza usubi miaka mingi, na ICIPE kule Kasarani wana kampasi nzima inayoitwa Duduville. Wengi wetu tumepita na matatu ya Thika Road mara elfu bila kujua kuna watu kule ndani wanaosoma maandishi ya wadudu.

Spishi tofauti nilielewa. Kilichonichanganya ni kusoma kwamba hata ndani ya spishi moja, usubi wa hapa na wa pale wanaweza kuwa mbali sana kijeni. Sababu yenyewe ni rahisi. Usubi si mrukaji. Anarukaruka tu chinichini, upepo ukivuma anatulia, na mara nyingi maisha yake yote yanaishia ndani ya mita mia chache kutoka alipozaliwa. Weka mlima katikati, au mto, au kilomita mia moja za ardhi kavu isiyo na pa kujificha, na makundi mawili hayatakutana tena. Kila upande unaanza kukusanya mabadiliko yake madogo madogo, kizazi baada ya kizazi. Na vizazi vya usubi ni vya wiki, si vya miaka ishirini kama vyetu.

Mfano unaojulikana zaidi uko mbali na sisi, Brazil, lakini nivumilie kwa sababu utamu wote uko huko. Huko kala-azar inaenezwa na usubi anayeitwa Lutzomyia longipalpis. Mnamo 1969 mtafiti Mangabeira aliandika kwamba madume wa jimbo la Ceará hawafanani: wengine wana doa moja jeupe mgongoni mwa tumbo, wengine mawili. Jambo dogo, sivyo? Baadaye watu wakajaribu kuwapandisha maabara. Kwenye mji wa Sobral, ambako wenye doa moja na wenye madoa mawili wanaishi pamoja, wakagundua kwamba hawa hawaoani. Ukiwalazimisha, wanaambulia mayai yasiyo na kitu.

Kwa nini wasioane? Kwanza ni harufu. Dume la usubi huyu hutoa manukato ya kumvuta jike, na manukato ya kundi moja si ya kundi lingine. Halafu kuna muziki. Ndiyo, muziki. Dume akiwa na jike hupigapiga mabawa na kutoa mlio, na ule mlio una midundo. Makundi mengine hutoa midundo iliyoachana vizuri, tap tap tap, mengine hutoa milipuko mifupi iliyosongamana. Jike akisikia mdundo usio wake, shughuli inaharibika. Wewe fikiria umeenda kwa pati ya gengetone, DJ anapiga rhumba usiku kucha.

Alexandre Peixoto wa taasisi ya Fiocruz, Rio de Janeiro, alitumia miaka mingi kufuatilia nyimbo hizi hadi kwenye jeni. Moja ya jeni alizozitazama inaitwa period. Ni jeni ile ile inayoendesha saa ya mwili wa nzi wa matunda, ambayo utafiti wake uliwapa Wamarekani watatu Tuzo ya Nobel mwaka 2017, na kwa nzi huyo inahusika pia na mdundo wa wimbo wa uchumba. Kwenye usubi wa Brazil ilisaidia kuonyesha kwamba kile kilichoitwa spishi moja ni ukoo wa spishi kadhaa zinazovaa sare moja. Na mwaka 2023, jenomu nzima ya Lutzomyia longipalpis na ya Phlebotomus papatasi zilipochapishwa, wale wa Sobral wenye doa moja na wenye madoa mawili walionekana wazi kuwa makundi tofauti.

Unaweza kuuliza, sasa hiyo inamsaidia nini mtu aliyelala wodini na wengu uliofura?

Inasaidia sana. Huko Brazil manukato ya bandia ya dume yamewekwa kwenye mabanda ya kuku pamoja na dawa ya kuua wadudu. Usubi wanavutwa badala ya kuingia nyumbani, wanafia hapo. Ni mtego mzuri, lakini manukato hayo ni ya kundi moja. Uyapeleke kwa kundi lenye harufu nyingine, utakuwa umenunua marashi ya bure. Bila kujua ni ukoo gani uko mtaani, huwezi kuchagua mtego.

Au chukua mate. Usubi akiuma hudunga mate yanayopanua mishipa ya damu. Miaka ya 1990 watafiti waliona kwamba wale wa Costa Rica mate yao yana nguvu ndogo sana ya kazi hiyo wakilinganishwa na wa Brazil. Na huko Costa Rica, kimelea ambacho Brazil kinaua watu kwa kala-azar kilikuwa kinaleta zaidi vinundu vya ngozi. Watafiti wale waliunganisha mambo hayo mawili.

Halafu kuna dawa za kupuliza. Jimbo la Bihar, India, lilipuliza DDT miongo na miongo dhidi ya usubi wa huko, Phlebotomus argentipes. Ikafika wakati wadudu hawafi. Ukifungua jeni zao unakuta herufi zimebadilika mahali ambapo sumu hushika kwenye neva. Kwenye kundi lolote kubwa lenye jeni za kila aina, kuna wachache waliozaliwa na bahati hiyo. Ukipuliza unaua wenzao, unawaachia shamba. India ikabidi ibadilishe dawa katikati ya miaka ya 2010. Jirani yao Bangladesh, walioshambulia ugonjwa kwa vipimo, matibabu na upulizaji kwa pamoja, Oktoba 2023 wakawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na WHO kuwa imeiondoa kala-azar kama tatizo la afya ya umma.

Kwa hiyo mzigo umehama. Zamani India ndiyo iliyoongoza kwa wagonjwa. Leo wengi wako upande huu wetu: Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia, Kenya, Somalia na Uganda. Na vifaa vingi tunavyotumia vilinolewa kwa ugonjwa wa huko. Kipimo cha haraka cha damu cha rK39, kile cha kuchomwa kidole, kikipimwa India kinawakamata wagonjwa takriban 97 kati ya 100. Huku kwetu ni takriban 85. Hapo tofauti si ya mdudu, ni ya kimelea chenyewe na jinsi miili yetu inavyokijibu, lakini unaona jambo ni lile lile: ukichukulia kwamba wa kule na wa hapa ni sawa, kuna watu 15 unaowaambia warudi nyumbani eti hawana kitu.

Binafsi ndipo ninapopata hasira. Usubi wa Brazil ameimbwa, amerekodiwa, amesomwa jeni hadi tunajua anapenda mdundo gani. Martini wetu, anayewauma watoto wa wafugaji wanaokaa juu ya vichuguu kuangalia mbuzi, hajachunguzwa kwa kina hicho. Si kwamba hatuna watu wenye akili. Nenda Duduville ujionee. Ni kwamba ugonjwa wa mtu wa Kacheliba au Marsabit hauna anayeulilia kwenye mitandao.

Ukisafiri kwenda Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Wajir au Marsabit, kuna mambo machache ya kubeba kichwani. Neti ya kawaida ina matundu ambayo usubi anapita kama mlango wa duka, kwa hivyo tafuta iliyotiwa dawa. Usilale nje bila kujifunika. Jioni kaa mbali na vichuguu na mashimo ya wanyama. Na ukirudi mjini, hata kama ni baada ya miezi sita, ukipata homa ya zaidi ya wiki mbili isiyosikia dawa ya malaria, mwambie daktari ulikoenda kabla hajakuuliza. Yule rafiki yangu alipoteza wiki sita kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona umuhimu wa kusema.

Alipona. Amenenepa tena, anakula ugali wangu kama zamani. Desemba alirudi kwao, na jioni moja akanipigia. Sauti ilikuwa inakatika katika, nasikia neno moja napoteza matatu. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko barabarani, mbali na kile kichuguu.

"Na wenzako?"

"Wako juu. Nimewaambia, wakacheka, wakasema hapa chini hakuna..." Laini ikakatika.